Esuiglasi Zilizokataa Mvua

Edouard alikuwa ameendesha kamyo ya Papa Léopold miaka tisa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kurudi Kisangani bila mzigo. Mwezi ule wa mvua alirudi hivyo mara tatu.

Kila mara mambo yalikwenda vilevile. Alitoka alfajiri Makiso, mtaa wa mjini lilipokuwa duka la Papa Léopold, akavuka daraja la Tshopo, akashika njia ya Buta kwenda soko la mpunga lililo kilometa sitini kutoka mjini. Mvua ikashuka, baridi ikaingia, na zile esuiglasi, vile vijiti viwili vya kufuta kioo cha mbele, zikaanza kwenda pole, pole zaidi, mpaka zikasimama katikati ya kioo. Kuendesha njia ile bila kuona ni kujitafutia mtaro. Basi aliegesha kando, akangoja. Alipofika sokoni, wanawake walikuwa wamekwisha kuwauzia wengine mpunga wao.

Lakini alipofika Makiso mchana, jua likiwaka, Papa Léopold alipanda kamyo mwenyewe na kuziwasha. Esuiglasi zikacheza bila shida, kulia, kushoto.

Papa Léopold alikuwa mtu wa Butembo, mji wa milimani wenye baridi. Karatasi zake zilimwita Paluku, kama serikali ilivyotaka watu waache majina ya Kizungu, ila watu wa duka na wa kanisa walibaki na Léopold.

"Edouard, hizi zinatembea. Ni weye njo hautembee, unalala tu kando ya njia."

"Patron, mvua ikikuja zinakufa."

"Donc zinajua mvua na jua? Zilisoma wapi?" Wateja waliokuwa mlangoni mwa duka wakacheka. Yeye hakucheka. "Alhamisi unaenda tena. Ukirudi bila mpunga, utaweka funguo juu ya meza ya duka, uende kwako."

Edouard alimpelekea kamyo Léon, fundi wa karibu na soko la Tshopo. Léon alibadilisha fyuzi, akafuata nyaya zote kwa vidole, akasikiliza moteri ndogo ya esuiglasi. Hakuona kitu, kwa sababu jua lilikuwa kali na zote zilitembea.

"Kamyo yako inaogopa maji sawa paka," alisema Léon. "Uiombee."

"Miye naachishwa kazi, weye unachekesha."

"Bon, nisipochekesha, nitakwambia nini?"

Alhamisi mvua ilianza kabla ya kupambazuka. Edouard alikaa jikoni amejifunika koti, akingoja mkewe, Philomène, apashe sombe ya jana, mboga ya majani ya muhogo. Philomène aliinamisha chupa ya mawese juu ya sufuria. Hakuna kilichotoka. Akaitikisa, akapiga kitako chake.

"Baridi gani hii! Mafuta imekamata sawa sabuni." Akaiweka chupa karibu na makaa. "Na tazama, imebaki kidogo. Ni Odile tu, huyu jirani. Juzi nilimwambia mbele ya watu, aache kuchota mafuta yangu."

Edouard alikuwa akitazama chupa. Mafuta yaliyokuwa mazito na ya njano yalianza kulainika upande wa moto, yakawa mekundu, yakateleza. Akajitazama mikono.

Tangu gresi ilipopotea madukani, kila Jumapili alichovya kitambaa katika chupa ile, akapaka vyuma vyote vinavyogeuka juu ya kamyo, na zaidi mizizi ya esuiglasi pale zinapozungukia, ili zisikauke. Jua likiwepo, ziliteleza vizuri.

"Philo, si Odile."

"Ni nani basi?"

"Miye. Nilipaka kamyo."

Philomène alibaki na mwiko juu. "Weye! Na miye nilimutukana mutoto wa watu mpaka akalia! Utaenda kwake weye mwenyewe, leo!"

"Nitaenda. Kama ningali na kazi, kama sina, nitaenda."

Alitembea hadi Makiso chini ya mvua, na njiani alifikiri: ninaweza kusafisha kimya, hakuna atakayejua. Lakini patron angeendelea kuamini kwamba zile siku tatu alilala kando ya njia. Alimkuta Papa Léopold akifungua duka.

"Patron, panda uwashe."

Papa Léopold akapanda, akawasha. Esuiglasi zikainuka kidogo, zikasita, zikafa. Alijaribu tena. Kimya. Edouard akafungua boneti, akakwangua kwa msumari, akamnyooshea donge la njano.

Papa Léopold alilinusa. "Mawese?"

"Ndiyo."

"Nani alitia?"

"Miye, patron. Gresi iliisha, nikaona vyuma vitakulana. Sikujua."

Maji yalitiririka usoni mwa wote wawili. Papa Léopold akaanza kutikisika mabega kwa kicheko.

"Edouard! Kwetu Butembo ata mutoto anajua, mawese bila moto inalala. Weye wa huku kwa joto, nani angekufundisha?" Akaacha kucheka. "Lakini siku tatu zile utazilipa. Mwezi huu hakuna mapumziko, ata Jumapili."

"Sawa, patron."

Akaenda dukani, akarudi na kopo la petroli na mafuta kidogo ya moteri. Edouard alisafisha kila kiungo mpaka chuma kikang'aa, akapaka upya. Alipowasha, esuiglasi zilipiga mvua bila kuchoka.

Papa Léopold alizunguka, akapanda upande wa pili. "Naenda na weye. Nataka kuona kwa macho yangu."

Mpaka daraja la Tshopo aliangalia kioo tu. Huko mbele kidogo, Edouard alisikia mkoromo. Patron alikuwa amelala, mdomo wazi, mvua ikimwagika mbele yake.