Papa na Futing ya Tumbo Tupu

Kila mtaa wa Goma una mtu wake wa kuvaa filimbi shingoni. Wetu, pale Murara, alikuwa bwana mmoja mwenye miguu myembamba na kitambi cha kutosha, aliyejiita kochi kwa sababu hakuna aliyemkataza. Kila siku, kabla jua halijatoka, aliwakusanya watu wazima kwenye njia panda, akawapanga mistari miwili, akawakimbiza mpaka Himbi na kuwarudisha, huku wanaimba na kupiga makofi na kuwaamsha watu wenye akili zao waliokuwa wamelala. Jambo hili huku kwetu linaitwa futing. Mimi sijawahi kuelewa kwa nini mtu akimbie wakati hakuna anayemfukuza, tena katika mji ambao watu wake wameshafukuzwa mara nyingi namna ile.

Kochi alikuwa na mafundisho. Yale aliyoyapenda kuliko yote yalihusu chakula cha asubuhi: mtu asiguse kitu kabla ya kukimbia. Aliyaokota kwenye simu yake, sijui kwa nani, akayashika kama katekista anavyoshika sala. Waliporudi kutoka Himbi wakiwa hoi, alipanda juu ya lundo la mawe meusi ya volkano, akawahubiria.

“Ukikula mbele ya sport, damu yote inakimbilia ku tumbo, miguu inabakia bila kitu. Lakini ukikuja na tumbo tupu, mwili inaanza kula mafuta yake yenyewe. Tuko pamoja?”

“Tuko pamoja, kochi!” waliitikia watu ambao usiku wa jana walikuwa wamemaliza mbuzi mzima kwa bia.

Kule Himbi kulikuwa na dhehebu la pili, na hilo lilinichefua zaidi. Hao walikimbia kando ya ziwa wakiwa na viatu vyeupe na nyaya masikioni, na mbwa walioshiba kuliko wanafunzi wangu. Wao walifundisha kwamba lazima ule kwanza, lakini ndizi nusu tu. Nusu! Niliwahi kupita karibu na wawili waliosimama mbele ya geti wakibishana juu ya nusu ile, wamekunja uso kama watu wanaogawana shamba la marehemu. Upande wa pili wa barabara walikuwa wanapita wanawake wenye magodoro kichwani, ndio kwanza wanaingia mjini kutoka huko kwenye risasi. Hakuna aliyewauliza wao wanaonaje kuhusu ndizi.

Ningewacheka tu nikaendelea na shughuli zangu za ualimu. Lakini katika mistari ile miwili ya kochi, nyuma kabisa, alikuwemo papa yangu, baba yangu mzazi.

Papa alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe. Maisha yake yote alinunua kule Kiwanja, mji mdogo wa Rutshuru, na kuuza Goma, na hakuna aliyewahi kumpunja hata kikombe kimoja. Vita viliporudi Rutshuru na barabara ikafungwa, alikaa kwenye kiti karibu na redio, akasikiliza miji aliyoijua ikitajwa mmoja baada ya mwingine, huku anakunywa chai ya sukari nyingi. Katika kiti kile alinenepa, na katika kiti kile ugonjwa wa sukari ukamkuta. Daktari alimwambia atoke, atembee, akimbie kidogo akiweza. Lakini alimwambia pia, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikasikia kwa masikio yangu haya: “Papa, asubuhi kula kwanza. Ukishakula, meza kidonge. Ndipo utoke. Ukimeza kidonge na kwenda kukimbia bila kula, utaanguka.”

Mwanzoni alitii. Alisimama jikoni na viatu vyake vya sport, akala viazi vitamu vya jana vilivyopoa, akashushia chai isiyo na sukari kwa uso wa mtu aliyekwenda kilioni, akameza kidonge, akatoka.

Kisha shangazi akaja. Ni dada mkubwa wa papa, mama wa Kiwanja, na alifika na mke wa mwanawe, wajukuu zake, na mafurushi. Sehemu ya njia walipanda motari, zile pikipiki za abiria, sehemu kubwa walitembea. Walilala salon, sebule yetu, ukuta hadi ukuta, na mtu wa kutoka chumbani kwenda jikoni alipita akiruka miguu ya watu. Nyumba yetu ni ya mbao, kama nyumba nyingi za huku, na nyumba ya mbao haina siri. Mtu akijikuna upande huu, wa upande ule anajua amejikuna wapi.

Tulikula mara moja kwa siku, jioni, saa ya mangaribi, na kiporo kidogo tu kilibaki sufuriani kwa ajili ya asubuhi ya papa. Mshahara wa mwalimu ulikuwa hauonekani, na maharagwe ya papa yalikuwa yamebaki upande wa pili wa vita. Hata hivyo shangazi hakuacha utani wake.

“Mgeni siku mbili, ya tatu mumpe jembe,” alisema. “Basi jembe yangu iko wapi?”

“Yaya, huku utalima nini?” papa alimjibu, maana huku dada mkubwa huitwa yaya. “Mawe?”

Walicheka mpaka watoto wakaamka.

Wiki ileile papa akawa mwanafunzi mwaminifu wa kochi.

“Mama,” aliniambia, maana huku baba humwita binti yake mama, “kochi anasema tumbo tupu njo dawa. Mi sikule tena asubuhi.”

Nilimtazama nisiamini. Mzee aliyewashinda walanguzi wa Rutshuru, leo ameshindwa na filimbi! Nilimwambia hivyohivyo, bila kupunguza neno. Alitabasamu, akameza kidonge kwa maji, akaruka miguu ya wageni, akaenda zake.

Nikajaribu ujanja. Nilimtilia kiazi katika mfuko wa jaketi lake, na baadaye nikakiona mkononi mwa mjukuu mdogo wa shangazi. Nikatia mkate, ukaenda njia ileile. Mwisho nilimfuata kochi palepale njia panda. Alikuwa anarukaruka mahali pamoja, ati anapasha misuli.

“Papa yangu ana ugonjwa wa sukari,” nilimwambia. “Mwambie ale kabla ya kuja.”

“Mama mwalimu, sport haiko mambo ya huruma,” alisema, hata hakuacha kurukaruka. “Na wewe hauko munganga.”

“Na wewe je?”

Akapuliza filimbi. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na watu wazima, wenye wake na waume na nyumba, wakaanza kukimbia.

Jumapili moja papa alirudishwa juu ya motari, amebanwa katikati ya dereva na kochi kama gunia la makaa. Alikuwa ameanguka Himbi, mbele ya nyumba moja kubwa, na mlinzi wa geti ndiye aliyemnywesha sukre, soda tamu, akazinduka. Midomo yake ilikuwa myeupe na mikono inatetemeka. Tulimlaza kwenye godoro la wageni, kwa sababu lilikuwa karibu na mlango. Kochi alisimama mlangoni akatufafanulia.

“Ile ni mafuta inaungua. Njo maana amepata kizunguzungu. Ni alama muzuri.”

Nilimvua filimbi shingoni, nikatoka nyuma, nikaitumbukiza chooni. Sijajuta mpaka leo.

Kisha nikamrudia papa. Nilikuwa nimeogopa, na mimi nikiogopa huwa natukana. Nilimuuliza kama alinusurika vita vyote vile ili aje auawe na mjinga mwenye kaptula. Nilimuuliza kama alitaka nimzike kwa sababu ya mafundisho ya simu. Aligeukia ukuta.

“Muache kochi,” alisema shangazi kutoka pembeni. “Kochi ni mupumbavu, lakini ile hapana yeye.”

Alikuwa amekaa juu ya furushi, amejifunga kitenge kifuani, na hakunitazama mimi. Alimtazama ndugu yake.

“Kila asubuhi minamusikia. Anaingia ku jikoni, anafunua sufuria, anasimama. Anasimama tu. Kisha anafunika polepole kama mwizi, anakunywa maji, anaenda. Uko unaogopa kula juu ya batoto yangu. Sema kama ni uongo.”

Uso wa papa ulikuwa bado ukutani.

“Yaya,” alisema, “nitatafuna namna gani, na batoto banasikia?”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kochi hakuwa mwalimu wake hata kidogo. Alikuwa kisingizio. Papa alikuwa ametafuta mtu anayehubiri njaa kwa sauti, akajificha nyuma yake, ili asiseme kwamba aliona haya kutafuna kiazi huku wajukuu wa dada yake wamelala na njaa upande wa pili wa ubao.

Dharau yangu ikabidi itafute makao mapya, na haikwenda mbali. Kwetu mwenye nyumba hatii mkono katika sufuria kabla mgeni hajala. Na mgeni hamwambii mwenye nyumba “kula,” kwa sababu akisema hivyo ameonyesha kwamba amekuwa akichungulia sufuria ya watu. Basi mmoja alisimama gizani ameshika kifuniko, na mwingine alilala chini ya blanketi anakisikiliza kile kifuniko. Wazee wawili walionyonya ziwa moja, wanauana kwa adabu! Na kila mmoja, nina hakika, alijiona mtu mwema sana.

“Kwa nini hukusema?” nilimuuliza shangazi.

“Mugeni hasemake mambo ya sufuria.”

Niliwaambia wote wawili walivyo. Niliwaambia kwamba adabu yao ni ugonjwa mbaya kuliko sukari, na kwamba risasi zimewakosa ili heshima iwamalize. Nilisema mengi. Nilipokwisha, shangazi akainuka, akaanza kufunga mafurushi yake.

Alitaka kwenda kambini. Kambi zilikuwa nje ya mji, watu wamelala chini ya mahema juu ya mawe, na kuhara kulikuwa kumeshaanza kuchukua watoto. Alijua hivyo kama tulivyojua sote. Alisema akiondoka, ndugu yake atakula.

Papa alijikokota kutoka kwenye godoro, akaenda akakaa juu ya furushi kubwa.

“Ukienda,” alisema, “sitakula tena. Hata mangaribi.”

Nami nilimwamini, kwa sababu wapumbavu wa ukoo wetu hutimiza ahadi. Nilisimama katikati yao nikiwachukia wote wawili, na nikiwaza kwamba nitampoteza mmoja wao kabla ya mwezi kwisha.

Shangazi alimtazama mdogo wake aliyekalia nguo zake. Alimtazama sana. Kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei sokoni:

“Hapa tunakula mara ngapi?”

“Mara moja, shangazi. Unajua.”

“Na nani alisema ile mara moja ikuwe mangaribi?”

Akaketi tena, akaanza kufungua mafundo.

Tangu siku ile chakula kilipikwa jioni kikafunikwa, na hakuna aliyekigusa. Alfajiri, kabla ya makofi ya futing kusikika barabarani, shangazi aliwaamsha watoto mmoja mmoja na kuwakalisha duara salon, usingizi bado machoni. Sufuria iliwekwa katikati. Tulikula viazi na maharagwe ya baridi kwenye giza, sisi sote, papa akiwa katikati yetu na kaptula yake na soksi zake ndefu. Kisha alimeza kidonge, akatoka kukimbia. Kochi alikuwa ameshanunua filimbi nyingine na bado alihubiri tumbo tupu kutoka juu ya mawe yake. Papa aliitikia “Tuko pamoja!” na kucheua maharagwe katika masikio ya jirani zake. Hakuanguka tena.

Lakini chakula kikihamishwa, mahali kilipotoka panabaki wazi. Jioni ziliwashinda watoto. Harufu ya sufuria yetu wenyewe ilijaa nyumba nzima, na hawakuruhusiwa kuifunua. Wale wakubwa walijifunika blanketi mpaka kichwani. Yule mdogo, msichana ambaye alikuwa hajajua kutamka maneno vizuri, alilia na kuelekeza kidole jikoni, na mama yake alimbembeleza akashindwa. Ndipo shangazi alipomchukua, akamlaza kifuani, akamwambia:

“Lala, mama. Kesho asubuhi babu yako anaenda kukimbia.”

Aliyasema taratibu, lakini nyumba ilikuwa ya mbao. Chumbani papa alisikia kila neno, na nilisikia kitanda chake kikilia alipogeuka.

Alfajiri alitoka akakaa katika duara, mkono umelala pajani. Shangazi akamsukumia kiazi cha kwanza mbele yake. Papa alikitazama, akamtazama yule mtoto aliyekuwa anakula kwa mikono miwili, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

“Kula,” shangazi alimwambia mbele yetu sote. Aliendelea kumkodolea macho, kiazi baada ya kiazi, mpaka akamaliza.