Majibu Yaliyofungia Karanga

Siku ile ya soko pale Tukuyu naikumbuka kwa harufu ya karanga, mwanangu, na kwa jinsi nilivyotimua mbio. Kusoma kwangu kuliishia kidato cha nne, kwa hiyo nikikosea, mwenye kujua zaidi anirekebishe.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, marobota ya mitumba yakaanza kupanda hadi kwetu. Shuleni tulikuwa na kitabu kimoja cha hesabu darasa zima, naye mwalimu alishatangaza mashindano ya hesabu Mbeya. Angepeleka mmoja tu, atakayeongoza mtihani wake baada ya wiki mbili. Niliitaka nafasi ile kuliko nguo ya Krismasi.

Basi nikanunua karanga kwa Mzee Salumu, mwenye duka ambaye babu zake walitoka pwani. Kukunjua karatasi, naona pembetatu, duara, maswali ya mashindano! Nikarudi mbio, karanga zinamwagika.

"Babu, usichane tena!"

"Nisichane nini, binti? Mbona unanitisha?"

"Hicho kitabu!"

Kilikuja ndani ya robota la nguo, hakina jalada, na kurasa za mwisho zilishaondoka na wateja. Mzee alicheka mpaka kofia ikasogea. "Chukua. Karanga nitafungia magazeti. Ila mkisome wote huko shuleni."

Nikaitikia ndiyo. Hapo, mwanangu, ndipo nilipokosea.

Nilikificha chini ya gunia la kahawa. Atupele wa kijiji cha Masoko, tuliyekaa dawati moja, ndiye niliyemhofia. Aliponiuliza nasoma nini siku hizi, nikasema, "Daftari la zamani tu." Kwa haki niseme, hakuwa amenikosea chochote. Nami wiki nzima nilikwama swali la nne, majibu sina.

Jumamosi nikarudi dukani kuulizia zile kurasa.

"Mwenzio wa Masoko alikuja jana," akasema Mzee Salumu. "Ana ukurasa wa majibu, kaupata kwenye karanga zangu. Anatafuta maswali. Nikamwambia kitabu unacho wewe, Tusekile, na mnasoma wote. Akaondoka." Akanitazama. "Nyinyi Wanyakyusa si ndio mnasema wa rika moja hula pamoja? Haya, wewe umekula na nani?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Nikashika njia ya Masoko kwa miguu, mvua juu yangu, kitabu kifuani ndani ya nailoni. Nilimkuta Atupele akimenya ndizi.

"Karibu, mwenye daftari la zamani."

Nikatoa kitabu. Alikitazama, akaingia ndani, akarudi na karatasi yenye madoa ya mafuta. "Na mimi niliificha," akasema. "Nilitaka nikushinde."

Tukacheka, tukainama juu ya kitabu. Swali la nne! "Chora mstari kutoka hapa," akasema. Nikachora, na pembetatu ikajifungua kama mlango! Tulipiga kelele mpaka ndizi zikaungua jikoni, mama yake akagomba: "Basi leo mtakula hizo hesabu zenu!"

Kwenye mtihani Atupele alinipita kwa swali moja. Nililia, sitadanganya. Nilijiuliza ingekuwaje nisingeenda Masoko, na hilo mpaka leo sina uhakika nalo. Lakini siku aliyorudi kutoka Mbeya, alianza kuniita kabla hajashuka kwenye gari: "Tusekile! Swali limekuja! Mstari wetu umekuja!" Mkononi alikuwa na maswali yote, ameninakilia kwa mkono wake. Tulirukaruka pale stendi, watu wakatushangaa.

Mwanangu, leo maswali ya mashindano mnayapata hata kwenye simu, na mimi simu zenyewe sizijui vizuri. Ila mtaka cha mvunguni sharti ainame: uliza mwalimu, uliza waliotangulia, uliza hata muuza karanga. Hangaika na swali kwanza, jibu uliangalie baadaye. Na ukipata kitabu, mwite mwenzio siku hiyo hiyo, maana ukurasa unaoutafuta huenda anao yeye, naye anaona haya kusema. Atakupita? Huenda. Mimi nilipitwa, na furaha ya pale stendi sijaisahau.

Mungu akufumbue macho uione elimu hata kwenye karatasi yenye mafuta, na akujalie rafiki wa kukuita jina kabla hajashuka kwenye gari.