Mama Mukwe na Janti Zangu

Gari langu la kwanza lilikuwa limechoka kila mahali isipokuwa chini. Viti vilikuwa vimepauka, mlango mmoja ulifunguka kutoka ndani tu, lakini janti zake, yale magurudumu ya aluminiamu yanayobeba mipira, ziling'aa kama sufuria mpya. Kila jioni nikirudi kutoka kiwandani nilizifuta kwa kitambaa kabla ya kunawa uso wangu mwenyewe. Mke wangu alicheka, akaniachia.

Adui wa janti hapa Likasi ni bordire, ule ukingo wa saruji pembeni mwa barabara. Kwenye avenyu za zamani lami imeliwa na mvua hadi bordire zimebaki zimesimama kama ngazi. Malori ya madini yanashika katikati, na sisi wenye vigari vidogo tunasukumwa pembeni. Usukani uko kushoto, bordire iko kulia. Huioni. Unaisikia tu ikikwangua, na moyo unakwanguka pamoja.

Nilijaribu kila dawa. Fundi wa mipira alinibandikia utepe wa kuzunguka janti. Ukabanduka kwenye mashimo kabla sijamaliza kuusifia. Nikainamisha kioo cha kulia kitazame chini. Bordire niliiona vizuri sana, ila sikuona chochote kingine, na mwenye baiskeli iliyobeba makala, makaa ya kupikia, akanitukana mpaka babu zangu.

Ndipo magoti ya mama mkwe wangu yakaanza kumsumbua. Alikuwa muuza samaki katika soko la Kikula, mwanamke mrefu, mjane, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka mwisho wa soko. Mke wangu akaamua kwamba kila Jumapili tutampitia tumpeleke misa.

Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake wana haya kubwa. Hawatazamani usoni, hawasemezani moja kwa moja, mpaka siku familia zinapoketi kula pamoja na kuiondoa haya hiyo. Siku yetu ilikuwa ikiahirishwa tu: leo msiba, kesho kazi. Kwa hiyo alikaa nyuma, upande wa kulia, dirishani, na mke wangu mbele. Kutoka pale aliiona bordire kuliko mtu yeyote. Lakini angeniambiaje?

"Mutoto wangu," mama mkwe alimwambia binti yake kwa upole, "mwambie bwana yako, bordire iko karibu."

"Papa, mama anasema bordire iko karibu," mke wangu akanigeukia.

Krrrr.

"Mwambie sasa imefika," alisema mama mkwe.

Tuliendelea hivyo Jumapili nyingi. Habari ilipita kwa mke wangu kama barua ya posta, na ilinifikia janti ikiwa imeshaumia.

Jumapili moja mke wangu alitangulia kanisani mapema kwa mazoezi ya kwaya, na mimi nikaenda peke yangu kumchukua mama yake nyumbani Kikula. Mama mkwe alitoka na kitenge chake cha misa, akaona kiti cha mbele kitupu, akasimama. Mimi nikatazama usukani. Mwishowe alifungua mlango wa nyuma, akaketi mahali pake. Njia nzima niliogopa hata kukohoa.

Karibu na parokia, lori likaja katikati kama kawaida. Nikasogea kulia. Nyuma yangu nikasikia pumzi ikivutwa, kisha ile sauti ya sokoni ikapasuka:

"Weye motoka! Simama! Utavunja muguu!"

Nikakanyaga breki. Nilishuka kutazama: kati ya janti na bordire kidole kisingepita.

Niliporudi ndani, nilijibu huku nikikitazama kioo cha mbele. "Motoka inasema asante sana, mama."

Akacheka. Alijaribu kujizuia kwa ncha ya kitenge, akashindwa, na mimi nikashindwa naye, hadi dereva aliyekuwa nyuma yetu akapiga honi.

Tangu hapo alizungumza na gari tu. "Motoka, enda kushoto kidogo. Pale pale. Sasa pole-pole, usijitie haraka, misa haijaanza." Janti hazikupata mkwaruzo mwingine msimu ule wote. Mke wangu, akiwa mbele bila kazi, alilalamika kwamba tunamsengenya kupitia gari.

Ni yeye aliyewaambia wajomba zake kwamba mambo yamefika pabaya, mama anaongea na chuma. Wakacheka, wakapanga ile siku ya kula pamoja. Tulikutana nyumbani Kikula, kuku wakachinjwa, bukari, ndio ugali wetu, ikapikwa. Mama mkwe akanimegea tonge kwa mkono wake mwenyewe, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, nami nikala.

Jumapili iliyofuata alikaa mbele. Kutoka Kikula mpaka kanisani hakunyamaza: bei ya samaki, mapadri, jirani yake anayefuga bata. Kisha akanigeukia.

"Mukwe, siku ya kwanza mutoto alikuleta nyumbani, unajua niliwaza nini?"

"Apana, mama."

"Niliona ile shingo yako nyembamba, nikasema: mutoto wangu ametuletea mugonjwa. Nikakuombea novena muzima, siku zote tisa."

Mke wangu, nyuma, alikuwa amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakimtikisika.