Kozi Aliyeingia Uani

Miaka thelathini Crisanto Tzuc alikata majani ya mapambo katika misitu ya Petén. Kila alfajiri alimsikia kozi wa msituni, ndege mwindaji, akilia kama mtu anayeugulia, lakini hakuwahi kumwona. Mkewe, Eulogia, alimtania, “Ndege wako ni wa kusikia tu, mzee.”

Asubuhi moja kozi huyo aliingia uani mwao mbio kwa miguu, akakamata kuku, akatokomea naye vichakani. Crisanto alikuwa ameokota jiwe, lakini hakulirusha.

“Yaani umesimama tu?” Eulogia alifoka.

“Nilikuwa namtazama.”

Eulogia aligeuza chapati ya mahindi. Kisha akauliza, “Haya, yukoje?”

Crisanto akaketi kumsimulia, na chapati ikaungua.