Aliyeliliwa Mara Moja

Nilipokuwa msichana wa kung'oka meno ya mbele, niliamini kwamba dunia ina watu wa aina mbili tu, watu wa juu na watu wa chini. Sisi tulikuwa wa chini. Kijiji chetu cha Rwamikindo kilikaa bondeni kati ya genge la mawe na ziwa, mahali ambapo udongo ni laini, mbu ni wengi, na mikindu imeota kwa vichaka hadi ukingoni mwa maji. Watu wa juu, wenye migomba minene na kahawa nyingi, walitutania kwamba tunazaliwa na miiba miguuni. Hawakukosea sana. Mkindu una miiba mirefu kwenye mashina ya makuti yake, na sidhani kama kulikuwa na mtoto wa kwetu ambaye hakuwahi kukalishwa kwenye kigoda huku mama yake akimchokonoa unyayo kwa pini.

Lakini mikeka waliyolalia watu wa juu ilitoka kwetu, na vikapu vyao vya harusini na msibani vilitoka kwetu. Kisha kulikuwa na Jumapili ya Matawi, siku ambayo parokia nzima ilitungoja. Tulipanda genge asubuhi na makuti mabichi mabegani, tukitembea kwa maringo ambayo nikiyakumbuka leo nacheka peke yangu. Nayatamani maringo yale. Nimeishi mjini miaka mingi na sijawahi tena kujiona mtu wa maana kiasi kile.

Aliyenibeba kupanda genge alikuwa baba yangu mdogo, Evodi, mtoto wa mwisho wa Bibi. Tuliishi nyumba moja sote, Bibi, baba na mama yangu, mimi, na yeye ambaye alikuwa bado hajaoa. Alikuwa mkata makuti hodari, na mchokozi. Alinificha kiatu, akaniacha nilie, kisha akanipa tende za mkindu, zile ndogo za rangi ya chungwa zenye kokwa kubwa na nyama kidogo, ili ninyamaze. Nilimpenda kuliko baba yangu mzazi, na baba yangu alilijua hilo wala hakuona vibaya.

Vita na Uganda tulivisikia kwanza redioni. Baadaye tukawaona watu wa kutoka mpakani wakipita barabara ya juu, magodoro vichwani na mbuzi kwa kamba. Evodi akaenda na mgambo wenzake. Vita vikaisha, wenzake wakarudi mmoja mmoja, yeye hakurudi. Siku moja akaja kijana wa kikosi chake, akakaa uani kwetu bila kugusa ndizi alizowekewa, akasema alimwona Evodi akianguka karibu na daraja na hakumwona akiinuka.

"Ulimwona akianguka," Bibi akamwambia. "Ulimwona akizikwa?"

Kijana akaaga, ndizi zikabaki palepale.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo hata watu wa juu, Wahaya wenzetu, walilishangaa. Kwetu bondeni ilisadikiwa kwamba mtu huliliwa mara moja tu. Kilio kikipigwa, kimemaliza kazi yake. Ukimlilia mtu yuleyule mara ya pili, kilio hicho hakina maiti wake, basi kitazunguka nyumbani mpaka kijipatie mmoja, na kwa kawaida kitachukua mtoto. Kwa hiyo Bibi alikataa matanga. Alisema Evodi hataliliwa kwa maneno ya mtu aliyekuwa anakimbia.

Wazee wa ukoo nao walikuwa na hoja yao. Mtu aliyekufa akaachwa bila kuzikwa, mzimu wake hurudi kuwasumbua watoto wa nyumba. Ta Laurenti, kaka yake marehemu babu yangu na msemaji wa ukoo, alikuja mara nyingi na fimbo yake kumbembeleza. Bibi akashikilia msimamo wake mpaka kahawa ikachumwa na kuanikwa. Ndipo mimi nikaugua. Homa ilinikamata hadi nikawa naongea na ukuta, na mtu wa kwanza niliyemwita, wananiambia, alikuwa Evodi. Ta Laurenti hakuhitaji kusema zaidi.

"Haya," Bibi akasema. "Mlilieni. Lakini siku akifa kweli, mtamlilia kwa macho ya nani?"

Wakakata mkindu, wakautoa moyo wake, ule mti mweupe laini wa ndani, wakaupima urefu wa Evodi kwa kumkadiria baba yangu. Wakauviringisha ndani ya mkeka aliokuwa akilalia na kuuzika kibanjani, kati ya migomba. Nilibebwa nje kwa blanketi nishuhudie. Bibi, ambaye alikuwa amejizuia miezi yote ile, alilia kilio ambacho sijakisikia tena kwa mtu mwingine. Aligaagaa chini mpaka kitambaa cha kichwani kikaanguka. Shangazi zangu walipokezana majina yake yote ya utoto. Nami nililia blanketini mpaka nikalala. Homa ikaniacha. Ilikuwa malaria, na nilikuwa nimekwisha kupewa klorokwini ya zahanati, lakini sifa zote zilikwenda kwa mkindu.

Alirudi msimu wa senene.

Asubuhi ile watoto tulikuwa kwenye majani nyuma ya nyumba, kabla umande haujakauka, tukiwaokota panzi hao wakiwa bado wazito wa baridi. Nikasikia mtu akisema juu ya kichwa changu, "Kemi, chupa yako haijajaa bado? Umezembea."

Nilitupa chupa, nikakimbia nikipiga mayowe. Alikuwa amekonda, amevaa koti la mtu mwingine, na mguu wa kushoto aliuburuta. Alikuwa amelazwa hospitalini ng'ambo ya mpaka muda mrefu, mguu umevunjika vibaya, na barua alizotuma hazikutufikia. Aliniita kwa sauti yake ileile ya uchokozi mpaka nikasimama. Bibi akatoka jikoni, akashika mwimo wa mlango.

"Mae," Evodi akamwambia. Ndivyo tunavyomwita mama kwetu. "Mae, ni mimi."

Bibi hakumkumbatia. Alimwambia asimame palepale, asipite mlango wa mbele, na akamtuma baba yangu amwite Ta Laurenti. Evodi alicheka, akaketi kwenye majani na watoto, akala senene wabichi kutoka kwenye chupa yangu. Wazee walipofika wakatoboa ukuta wa nyuma wa nyumba, akaingia kwa kutambaa, kama mtoto anayezaliwa. Wakafukua moyo wa mkindu, wakautupa ziwani, wakalifukia shimo na kupanda mgomba juu yake. Watu walikunywa rubisi siku mbili. Nilimwona Ta Laurenti akinyanyua kibuyu kwa furaha kisha akakiteremsha.

"Mti tumeutoa," akamwambia Bibi. "Shimo tumelifukia. Kilio ndicho hatuwezi kukifukua, waitu, mwenzetu."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Evodi, kwa kuwa alikuwa Evodi, akasema basi yeye amepunguza gharama za ukoo.

Mguu ule haukumruhusu tena kuingia kwenye mikindu, kwa hiyo akaingia biashara. Alivuka mpaka na vitenge, baadaye akahamia visiwani, Bumbire, akinunua samaki wakavu na kuwauza bara. Alikuja nyumbani na sukari na shati jipya, akanichokoza kwamba nimekuwa mkubwa. Miaka ile ugonjwa wa kukondesha watu ulianza kusemwa kwa majina mengi, Juliana, silimu, na wengine wakisema ni uchawi wa watu wa biashara. Katika kijiji cha juu misiba ilianza kufuatana nyumba kwa nyumba. Sisi wa chini tulijidanganya kwamba miiba itatukinga.

Aliporudi safari ya mwisho nilikuwa darasa la saba. Aliingia mlango wa mbele, polepole, na koti lilimning'inia mwilini. Bibi alimtandikia chumba cha upande wa ziwa kwa sababu alipenda upepo.

Mimi nilipewa kazi ya kukaa naye mchana, mama akiwa shambani. Nilimlisha uji na kumfukuzia nzi. Siku moja, alipokuwa na nguvu kidogo, akaniambia, "Kemi, hebu niambie mlivyonililia."

Nikaendelea kukoroga uji.

"Ile siku ya mti. Nataka kujua. Sitapata nyingine."

Basi nikamsimulia. Nilimweleza dada zake walivyopokezana majina, na jinsi mmoja wao alivyokosea akataja jina la ng'ombe. Nilimweleza baba yangu alivyolalishwa chini apimwe na akakataa kufumba macho. Akacheka mpaka akakohoa. Nikamweleza Bibi alivyogaagaa chini. Hapo hakucheka. Alisikiliza akitazama dari, machozi yakimtiririka masikioni, kisha akauliza, "Na wewe?"

"Nililia. Nilikuwa naumwa lakini nililia."

"Basi ni msiba mzuri," akasema. "Unatosha."

Nilimwamini. Nilikuwa mdogo.

Alifariki mchana, mvua ikinyesha. Bibi alimfumba macho, akamfunga taya kwa kitambaa, akatoka uani na kuwaambia waliokuwepo, kwa sauti ya kawaida, kwamba Evodi ametutoka. Nilikuwapo mimi, walikuwapo wadogo zangu wawili, na mtoto mchanga wa shangazi. Alitutazama sisi kwanza, kisha akawatazama wanawake wengine, na kila mwanamke alielewa. Shangazi mmoja akauma ukingo wa kitenge. Hakuna aliyepiga kelele.

Tulimzika kimya. Nilisikia jembe likigonga jiwe, nikasikia mvua kwenye majani ya migomba, nikamsikia katekista akikohoa kabla ya kuanza sala. Nilihesabu mafungu ya udongo yakianguka ili nisilie. Watu wa juu waliokuja kuzika walitazamana. Tulipokuwa tunapeana mikono nikamsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba familia hii inaona haya kwa ugonjwa wa kijana wao, ndiyo maana hata kumlilia hawataki. Bibi naye alisikia. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza kuliko mengine, kwamba walidhani anamwonea haya mwanawe. Lakini mila zetu hazikuwa za kueleza watu makaburini.

Baada ya hapo Bibi akaanza kwenda misibani.

Alikuwa mtu wa kukaa nyumbani na ukindu wake. Sasa kila tuliposikia kuna msiba juu, hata wa watu asiowajua, alijifunga kitenge, akachukua kikapu cha ndizi na kuniambia nimsindikize. Alipanda genge lile kwa magoti yake mabovu, akipumzika kila penye jiwe. Na misiba miaka ile haikukosekana. Alipofika, alianza kulia kabla ya kuketi. Alilia mpaka wenye msiba wenyewe wakamshika mikono kumtuliza. Watu wakamsifu. Walisema Ma Kokugonza wa chini ana moyo, analia na kila mtu. Wengine walimtania, kwa heshima, kwamba wakifiwa watamtumia gari. Mimi nilikuwa namwonea haya kidogo, umri ule unaona haya kwa kila kitu.

Halafu tukaenda kumzika dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, binti mzuri aliyeacha watoto wadogo. Bibi akalia kama kawaida yake. Nilikuwa nimeketi nyuma yake, karibu sana, na kwa mara ya kwanza nikasikiliza maneno.

"Mwanangu," alikuwa akisema, "ulitembea na mguu ule unaouma, mwanangu, sikuukanda, mguu wako wa kushoto sikuukanda."

Mama wa marehemu alikuwa amemwegemea, akilia naye, na hakusikia ajabu yoyote.

Tulipokuwa tunateremka nikamwambia, "Bibi, yule mwalimu hakuwa na mguu mbaya."

Alisimama penye jiwe kupumzika. Ziwa lilikuwa limefunguka chini yetu, na mikindu yote ya Rwamikindo ilionekana, na moshi wa majiko.

"Vilio vimekuwa vingi," akasema. "Nani atajua kipi ni changu?"

Bibi hayupo tena, na Rwamikindo niliyoijua haipo. Sehemu kubwa ya mikindu ilikatwa, watu wakapanda mpunga, na nyumba kadhaa zilifungwa miaka ile na hazikufunguliwa tena. Nikienda nasimama juu ya genge na kutafuta paa letu kwa macho, ingawa najua liliondolewa. Nawatamani watu wale mpaka kifua kinauma. Kuhusu imani yenyewe, nimesoma vya kutosha kujua kwamba kilio hakiui mtoto, na kwamba Evodi alichukuliwa na ugonjwa tu, si na shimo lililofunguliwa mapema. Nikiwa na wanangu mwenyewe, hata hivyo, sijawahi kumlilia Evodi kwa jina lake ndani ya nyumba yangu.

Siku hizi naishi Kagondo, hukohuko mjini. Majuzi jirani wa mtaa wa nyuma alifiwa na kijana wake, mtu ambaye nilikuwa nasalimiana naye dukani tu. Nilikwenda kama jirani, na kitenge changu na mchango wangu. Niliketi na wanawake kwenye mkeka. Jeneza lilipotolewa nje kitu kikapasuka ndani yangu, nikalia kwa sauti, nikalia mpaka wanawake wawili nisiowajua wakanishika.

"Pole, mama, pole," mmoja akaniambia sikioni. "Marehemu alikuwa nani yako?"

"Baba yangu mdogo," nikasema.

Kijana yule angeweza kuwa mwanangu wa kumzaa. Mwanamke huyo, mtu mzima kama mimi, wa miaka ileile ya misiba, akanitazama kidogo. Akanishika vizuri zaidi, naye akaanza kulia.