Mmea Wangu kwenye Chupa ya Pipi

Sisi tuliosoma Lindi kabla ya simu za mkononi tunajua kwenda shule na ufagio wa chelewa kwapani, kucheza rede mpaka pindo la sketi linafumuka, na kurudi nyumbani na madoa ya mabibo kwenye shati jeupe. Madoa yale hayakusikia sabuni. Tulichapwa kwa ajili yake, na msimu uliofuata tukayarudia.

Mimi nililetwa Mtanda, hapa hapa Lindi mjini, nikiwa darasa la tatu, kutoka kijijini kwetu, bara kupita Mingoyo, kwenye mikorosho ya baba. Niliachwa kwa shangazi, mwenye kiduka, ili nisome shule ya mjini. Sikupenda hata kidogo. Jirani akichoma muhogo jioni, nalia, maana ndiyo harufu ya kwetu. Nilikuja na mmea mmoja nilioung'oa ukingoni mwa kijito tulikochota maji, nikaufunga kwenye kitambaa kibichi. Shangazi akanipa chupa kubwa ya kioo ya kuwekea pipi, iliyokuwa tupu. Nikatia mchanga, nikaupanda, nikajaza maji mpaka ukazama wote. Moyoni nikaweka nadhiri: huu ukifa, natoroka, narudi kwetu.

Wiki haikuisha, majani yakalainika yakawa kama mlenda. Kila asubuhi niliung'oa kuangalia kama umetoa mizizi, kisha nikauchomeka tena. Sasa mtoto wa wakulima wa korosho akiona jani linaharibika anajua dawa moja tu, salfa. Nikachota kiganja kizima kwenye mfuko ambao mume wa shangazi aliuweka kwa ajili ya mikorosho yake, nikanyunyiza. Unga ukaelea juu ya maji, njano tupu, na kiduka kikanuka kama shamba siku ya kupuliza mikorosho.

Shangazi hakunichapa. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Somoe mwanangu, huo nao ni mkorosho?"

Akamwaga maji, akakata majani yaliyooza kwa mkasi. "Huu ulizoea majani yake kukaa nje, sisi tumeuzamisha. Yale ya nje hayawezi humu, utatoa mengine. Lakini ukiung'oa kila siku, utashika lini?"

Ndipo nikamwambia nadhiri yangu. Akaisogeza chupa dirishani.

"Basi uache mpaka mama yako aje. Akikuta umekufa, utarudi naye."

Chupa ikakaa dirishani. Kilichobaki ndani ni kishina kifupi kama njiti ya kiberiti, na mikono yangu ikiniwasha kukivuta. Sikukigusa. Siku moja natoka madrasa, nikaona kijani kidogo: jani jembamba, laini, lisilofanana kabisa na yale ya kijitoni. Siku chache baadaye mizizi myeupe ikaonekana imejibandika kwenye kioo.

Mama alikuja shule zilipofungwa, akanikuta nabadilisha maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, funga nguo zako twende."

Nikamuuliza, nikienda nani atabadilisha maji? Mama akamtazama shangazi. Shangazi akajifanya anapanga sabuni. Nilikwenda, nikakaa wiki mbili, nikarudi Mtanda bila kulia, na mpaka leo niko hapa.

Wiki iliyopita mwanangu Faraji alinunua tangi la kioo lenye taa, na mimea ya majini iliyosafiri kwa basi kutoka Dar. Siku ya tano majani yakaanza kuoza. Ameuliza kwenye simu, watu kumi wamempa dawa kumi, na leo nimemwona mara tatu amezamisha mkono kuvuta mizizi. Watoto wa siku hizi hata chai wanaisubiri huku wamesimama. Sisi hatukuwa na wa kumuuliza zaidi ya shangazi mmoja, na alitutosha.

Nimemwambia aiache. Akaniuliza, "Mpaka lini, mama?"

Jibu lilinijia mdomoni: mpaka mama aje. Nikakumbuka kwamba mama sasa ni mimi, na shangazi wa kutucheka hayupo tena.