Alivyomrudia Baba Yake

Fundi miwani alifanana na baba yake kupita kiasi: mwendo ule ule wa kuburuta mguu kama mtu asiyetaka kufika, kicheko kile kile, hata macho yaliyoanza kufifia utotoni. Shangazi zake walipenda kumtania kwamba amemrudia mzee mzima mzima. Utani huo ulimchoma, maana mzee alioa mara tatu, na wake wote watatu aliwaacha bila kuaga. Babu naye alikuwa hivyo hivyo.

Dukani kwake waliingia mama na mwana wenye tatizo moja la macho, kipimo kwa kipimo. Kama macho yanarithiwa, alijiuliza akisaga lenzi, moyo je? Kisha akasoma gazetini kwamba wataalamu wanachunguza iwapo chembe za urithi humfanya mtu atulie na mwenzi mmoja au asitulie. Makala ilisema wazi kwamba hakuna uhakika. Yeye akaondoka na lile alilokwisha kuliamini.

Alikuwa na mchumba, muuguzi wa wodi ya watoto, mpole ila si wa kuchezewa. Wiki tatu kabla ya harusi alimfuata kwenye benchi la nje ya wodi, akamweleza yote.

"Sitaki uje kulia kama mama alivyolia."

"Lakini wewe bado hujaniacha."

"Ndiyo maana naondoka mapema."

Muuguzi akainuka, akanyoosha sare yake. "Hata baba yako bila shaka alikuwa na sababu nzuri," akasema, akarudi kwa wagonjwa wake.

Ikapita miaka ishirini na sita. Fundi hakutafuta mwanamke mwingine, wala hakumtamani. Alipika chakula cha siku mbili kwa mpigo, akala akiwa amesimama, redio ikisema peke yake.

Adhuhuri moja akaingia mteja mwenye sura yake. Alikuwa mtoto wa yule mke wa tatu wa mzee, na hawakuwa wamewahi kuonana. Alikuja na mkewe aliyeishi naye miaka ishirini na minne. Mke alipokwenda kuchagua fremu, fundi akamuuliza nduguye kwa sauti ya chini kama hakuiogopa damu ya mzee.

"Niliiogopa. Mwaka wa nne nilifungasha, nikaenda kituoni. Basi likaja, nikalitazama, likaondoka bila mimi."

"Kwa nini?"

"Mpaka leo sijui, kaka. Nilirudi tu nyumbani."

Jumapili wakamwalika. Shemeji alimpakulia, watoto wakamwita baba mkubwa na kucheka kila alipocheka, kwa jinsi alivyofanana na baba yao. Jioni wakamsindikiza hadi njia panda. Kutoka hapo alitembea peke yake, akijiuliza ni nini hasa alichokikimbia miaka yote ile, na akafika mlangoni kwake bado anajiuliza.